Hiyo Safari ni ya Watoto, si ya Kamera Yako

Kila shule zikikaribia kufungwa, inboksi yangu hujaa swali moja. "Buda, nimeweka kadoh kando, nataka kupeleka watoto wa siz Coasto. Diani ama Mombasa? Ama Watamu? Nitumie hoteli poa."

Na anayeuliza namjua hata kabla sijaona jina. Ni msee wa miaka ishirini na kitu, kifungua mimba wa kwao, ameanza kupata mshahara juzi, na sasa yeye ndiye wizara ya utalii ya familia nzima. Mathe hajawahi kuona bahari. Watoto wamemwona papa kwenye katuni na wanauliza kama anauma. Yeye mwenyewe ameenda Coasto mara moja tu, na mbogi, na anachokumbuka si maji.

Kwa miaka miwili jibu langu lilikuwa neno moja: Diani. Hata video nilitengeneza. Wengi wenu mliiona: mtoto wa siz wangu, tumwite Junior, miaka saba, ndani ya tyubu nyeusi, jua la jioni usoni, anacheka mpaka jino lililong'oka linaonekana. Mkaandika "hii ndio life". Mkaniuliza ni hoteli gani.

Sikuwaambia kilichofuata baada ya hiyo video kuisha. Leo nawaambia.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni. Yeyote anayetengeneza kontenti anaijua hiyo saa: jua limelala, mwanga ni wa dhahabu, kila mtu anatokea msafi. Mwezi ulikuwa umejaa usiku uliotangulia, na hiyo najua kwa sababu niliupiga picha. Junior alikuwa kwenye tyubu ya kukodisha, siz amemshikilia, maji yanamfika magotini. Nikamwambia siz asonge kando kidogo, anaharibu picha. Akasonga. Nikapata video yangu. Nikainamisha kichwa kuangalia kama imetoka poa.

Nilipoinua kichwa, tyubu ilikuwa imeenda.

Haikuwa imepinduka. Hakukuwa na wimbi. Ilikuwa inaondoka tu, polepole, kama gari ambalo mtu amesahau kuvuta breki. Junior alikuwa bado anacheka. Mimi najua kuogelea kwa bwawa, tena upana, si urefu. Niliingia mpaka maji yakanifika kifuani, nikahisi mchanga unanitoka chini ya miguu, nikarudi. Hiyo sitaisahau. Nilirudi.

Aliyeenda ni kijana ambaye asubuhi yake nilikuwa nimemwambia Junior asimwangalie. Alikuwa akiuza vishikizo vya funguo, vile vya mbao vinavyochongwa jina lako ukisubiri. Askari wa pale tulipolala alituonya mapema: hao msiongee nao. Sasa huyo kijana hakupiga nduru kama mimi. Alikimbia kwanza juu ya mchanga, akaipita ile tyubu, kisha akaingia majini mbele yake na kungoja maji yamletee. Alimshika Junior kama mtu anayepokea mzigo wa matatu.

Tulipokuwa tumekaa pale chini, siz analia, mimi natetemeka, mzee mmoja aliyekuwa akikunja nyavu alikuja kutuangalia. Nikasema shikamoo, sikuwa na neno lingine. Akaitikia marahaba, halafu akaniambia: "Mwanangu, maji yapwa haya. Nyinyi wa bara mwaangalia picha, hamuangalii maji."

Nimekaa na hilo neno mwaka mzima, na ndilo limenifanya niandike. Wasee, tunachagua mji wa kupeleka watoto kinyumenyume. Tunaanza na hoteli, tunaenda kwa bei, tunamaliza na picha. Maji, ambayo ndiyo sababu ya watoto kukosa usingizi wiki nzima, hatuulizi kabisa. Na sisi wenye kontenti ndio tumewafundisha hivyo, kwa sababu tunawaonyesha bahari ya saa moja tu kati ya saa ishirini na nne.

Kwa hivyo wacha niwape kitu ambacho ningetaka nipewe.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku ratiba inasonga mbele kwa karibu dakika hamsini. Ndiyo maana maji uliyoyakuta Jumatatu asubuhi si yale utakayoyakuta Alhamisi saa ileile. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita tatu. Hapo katikati ya hizo bamvua mbili kuna maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Pwani yetu, siku za bamvua, kwa kawaida maji hukauka karibu saa nne ama saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Sasa piga hesabu. Mwezi umejaa jana, maji yamejaa kwenye saa kumi na kitu, mimi ninaweka mtoto kwa tyubu saa kumi na mbili kasorobo. Ule mwanga wa dhahabu ulikuwa saa ileile bahari inarudi kwao, na Junior juu yake.

Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe mbele, unaovunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukweni. Ndiyo maana maji ya ndani hutulia na mtoto anaweza kucheza. Lakini mwamba una milango, na maji yakipwa hutokea huko. Kitu chochote kinachoelea, kiwe chupa, kiwe tyubu, kinafuata maji mlangoni. Ukitaka kuogesha mtoto, mwogeshe maji yakijaa, yale yanayosukuma kuja nchi kavu. Yakipwa, mtoe, mpe ndoo, ajenge nyumba ya mchanga. Yakishakauka kabisa, mvalishe viatu mtembee mkaangalie kaa na samaki wadogo kwenye vidimbwi, mkikaa mbali na vile vidude vyeusi vyenye miiba. Jedwali la maji kujaa na kupwa liko kwenye simu yako bure, na ukikosa bando, muulize mvuvi yeyote. Hatakulipisha.

Halafu msimu. Shule zinafungwa Aprili, Agosti na Desemba, na hizo ni bahari tatu tofauti. Aprili mvua ya masika inaingia na upepo unageuka kuwa kusi. Agosti kusi bado inavuma: hewa ni baridi kidogo, bei ni nafuu, lakini bahari inachafuka na mwani unaweza kurundikana ufukweni. Desemba ni kaskazi: joto, maji safi, na nusu ya Nairobi iko hapo. Ukiona picha ya Desemba, usilipie safari ya Aprili ukitarajia maji yaleyale.

Kisha barabara. Mtoto hapimi safari kwa kilomita, anaipima kwa "tumefika?" Reli ya SGR ndiyo inafanya wengi wetu tuweze kwenda hata kidogo. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni 1,500, na mtoto wa miaka 3 mpaka 11 hulipa nusu. Mathe, siz, wewe na watoto wawili ni 6,000 kwenda tu. Lakini treni haikuachi baharini. Inakuacha Miritini, baada ya saa tano ama sita, na watoto wamechoka, wamekula chipsi zote, mmoja anataka kukojoa. Kinachofuata hapo ndicho kinaamua kama mji ni wa familia ama la.

Sasa twende mji kwa mji, na msinichukie.

Watamu ina maji mazuri kwa watoto wadogo kuliko popote nimeenda. Zile ghuba zenye visiwa vya matumbawe zinayatuliza maji, mchanga ni laini, na bahari yake ni hifadhi ya taifa tangu 1968, kwa hivyo samaki wapo kweli, si wa brosha. Ukienda kuwaona kwa boti unalipia KWS, na inafaa. Karibu na hapo kuna magofu ya Gede, mji wa kale wa mawe katikati ya msitu, ambapo mtoto wa miaka minane atauliza maswali ambayo huna majibu yake. Tatizo ni kwamba kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita mia moja. Ukishuka treni jioni ukaunganisha hapohapo na foleni ya Mtwapa, mtafika mkichukiana. Kama unaenda Watamu, lala Mombasa usiku wa kwanza. Na mdomoni mwa Mida Creek usiogeshe mtoto, maji pale hukimbia.

Malindi naipenda, lakini nawaambia ukweli. Mto Sabaki unaingia baharini upande wa kaskazini wa mji, na mvua ikinyesha bara maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ghuba ya mjini pia iko wazi, mawimbi huingia. Mtoto mkubwa atafurahi. Mdogo mpeleke upande wa kusini, kwenye hifadhi ya bahari.

Kilifi ni ya mbogi yako, tukubaliane. Ile creek ni nzuri kuangalia lakini kina chake huanza karibu na ukingo. Bofa kuna mchanga poa, lakini ukweli ni kwamba Kilifi mnaenda kwa sababu zenu, halafu mnasema ni za watoto.

Lamu? Mji usio na msongamano wa magari, wenye punda kila kona, ni ndoto ya mtoto. Lakini ufukwe wa Shela, ukishapita mwisho wa kijiji, unatazama bahari kuu bila mwamba wa kuulinda. Na kufika huko ni ndege ama basi la siku nzima. Si safari ya kwanza ya familia.

Diani sijaitupa. Ina mchanga ambao hata mimi nikiukumbuka nasamehe mambo mengi. Ina mbega, wale weusi na weupe, wanaovuka barabara juu kwa juu kwenye ngazi za kamba walizotengenezewa, na Junior mpaka leo anaongea kuwahusu kuliko anavyoongea kuhusu ile tyubu. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unatoka upande wa Miritini mpaka kusini bila kupanda feri. Kwa hivyo nenda Diani. Lakini nenda na ratiba ya maji mfukoni.

Na Mombasa yenyewe? Hapa ndipo mtanitukana.

Kwa familia inayoenda mara ya kwanza, yenye watoto wadogo, treni ya daraja la kawaida na siku tatu nne, jibu langu sasa ni pwani ya kaskazini ya Mombasa, Nyali mpaka Bamburi. Ndiyo, pamoja na ule ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao nyinyi mnauita Pirates huku mmekunja pua.

Najua mnachosema. Ni wasee wengi. Ni kelele. Ni ngamia, mpiga picha, muuza miwani, wote kwa dakika moja. "Hiyo ni ya watu wa mabasi." Nimewasoma. Na nawauliza: mathe wako ni mtu wa nini?

Hebu angalia pale asubuhi ya siku ya kazi, maji yakijaa. Utaona watoto wa Kisauni na Bombolulu wakiogelea na nguo za shule za zamani. Utaona kina mama wamekaa na buibui zao mchangani, chupa ya chai katikati, macho hayatoki majini. Utaona wanaume wanaokodisha tyubu wakiita mtoto wa mtu baki arudi karibu. Maji yakigeuka, wale watoto wa hapo wanatoka wenyewe, hata bila kuitwa. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta siku hizi nikifika mji wowote: watoto wa hapo wanaogelea wapi, na wanatoka saa ngapi. Kama huoni mtoto hata mmoja wa hapo majini, jiulize kwa nini.

Na maji yakipwa, Mombasa haijaisha. Haller Park iko hapo Bamburi, shimo la zamani la kuchimbia mawe ya saruji lililogeuzwa msitu. Waambie watoto kisa cha Owen, ndama wa kiboko aliyekwama baharini upande wa Malindi wakati wa tsunami ya 2004, akaletwa pale, akajifanyia mama kutoka kwa kobe mzee. Kimetokea kweli. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, wataikimbia juu chini mpaka walale mapema. Jioni mnaenda Mama Ngina, muhogo wa kukaanga na ndimu na pilipili, dafu, meli zinapita karibu hivi unaweza kusalimia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji hoteli ya bei ya kuuza ng'ombe.

Sisemi pale hakuna hatari. Sikukuu, hasa Krismasi na Mwaka Mpya, umati unakuwa mkubwa na watoto hupotea. Usiende siku hizo na wadogo. Ukilazimika, andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto, mkubaliane mahali pa kukutania, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu ya kuhesabu vichwa. Huyo mtu mzima asiwe na simu mkononi. Tyubu si mlinzi wa mtoto, tyubu ni mashua isiyo na nahodha. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la uokoaji, na mkubwa awe mbali naye kwa urefu wa mkono, si wa macho.

Mtaniambia, "Lakini hoteli ina bwawa." Sawa. Bwawa liko hata Nairobi, mnaweza kwenda na matatu. Na mtoto anaweza kuzama bwawani kama baharini, tena kimya. Kulipa zaidi hakumwangalii mtoto kwa niaba yako.

Mtaniambia pia kwamba kwa hoteli kuna usalama, hakuna wale vijana wa bichi wa kusumbua. Hapo ndipo damu yangu huchemka. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ule mchanga si wa hoteli. Ni wako, ni wangu, na ni wa yule kijana wa vishikizo. Lakini vijia vya kuufikia vinazibwa kuta, kimoja baada ya kingine, na sisi tunashangilia na kuita hiyo "ufukwe wa familia". Familia ya nani? Tumefukuza macho yanayoijua bahari, tukabaki na macho yaliyokuja jana na treni. Siku ile, kama ukuta ungekuwa mrefu zaidi na askari mkali zaidi, ningekuwa na video nzuri na sina Junior.

Yule kijana nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, akachukua, na hakupaswa kuona haya. Kesho yake tulirudi kumsalimia. Junior alimwamkia vizuri, akanunua kishikizo chenye jina lake kwa pesa alizopewa na shosho. Siz mpaka leo haongei nami vizuri tukitaja Diani, na ana haki.

Ile video sijaifuta. Nimeiandikia juu yake, kwa herufi kubwa, saa iliyopigwa na kwamba maji yalikuwa yanakupwa. Na kuanzia sasa, posti yoyote nitakayoweka ya mtoto baharini itakuwa na hivyo vitu viwili. Wenzangu mnaotengeneza kontenti ya Coasto, fanyeni hivyo pia. Ni mstari mmoja tu.

Wewe unayeniandikia kuhusu hoteli, nitakujibu. Lakini kwanza niambie tarehe mnayoenda, watoto wana miaka mingapi, na siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Ukiwa nayo hayo matatu, mji utakuwa karibu umejichagua wenyewe.